Dada wa Runinga Kwenye Foleni ya Dawa

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wenzangu wa kikundi, asanteni kwa kunipa nafasi. Wengi mnanifahamu kwa sura, kwa hiyo sitajitambulisha sana. Mimi ndiye yule wa kipindi cha afya kwenye runinga. Ila leo sijaja kutangaza.

Nianze kwa kujisifu kidogo, mnivumilie. Nimezaliwa Magu, nyumba ya udongo, baba mvuvi, mama mkulima wa mpunga. Niliuza maandazi stendi ya Buzuruga mpaka nikajilipia chuo Dar es Salaam. Stashahada yangu ya uandishi wa habari sikupewa na mjomba wala na mbunge. Nilifanya kazi huko, kisha nikarudi Mwanza kwa hiari yangu, nikiwa na gari na kazi mkononi. Katika ukoo wetu hakuna aliyefika nilipofika, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Kipindi changu kilihusu virusi vya UKIMWI. Niliona watu wanaogopa kupima, nikaamua nitapima mimi mbele ya kamera, waone kwamba ni tone tu la damu. Ndugu zangu, nawaambieni, niliingia kwenye kile chumba nikiwaza kama wanja wangu umekaa vizuri. Majibu sikuyafikiria kabisa. Yalipotoka, mshauri alimwomba mpiga picha atupishe. Alipofunga mlango ndipo nikaelewa.

Kipindi kilirushwa vilevile. Mlimwona dada anachomwa kidole, anatabasamu, anawaambia kapimeni. Hakuna aliyeuliza majibu. Watu walinipongeza hadi sokoni.

Sasa sikilizeni shida yangu. Dawa zilikuwepo, za bure, na mimi ndiye niliyekuwa nawatangazia wengine kwamba zipo. Lakini kila kliniki niliyokwenda walinijua. Nikikaribia benchi tu, mtu anasema, "Dada wa runinga, leo kamera iko wapi?"

Nami najibu, "Inakuja, mama, iko njiani."

Kisha nazunguka nyuma ya jengo kana kwamba natafuta mahali pa kurekodi, naingia kwenye gari, naondoka. Nikaenda Misungwi nikidhani huko sijulikani. Mlinzi akanifungulia geti kwa heshima zote, akaniuliza kama mganga mkuu ana taarifa ya ujio wangu. Nikarudi mikono mitupu.

Ndivyo nilivyoanza kuumwa. Nikakohoa, nikakonda, mashavu nikayajaza poda. Mchumba wangu nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema anakwenda kufikiri. Mpaka leo anafikiri.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, mvuvi wa dagaa huko visiwani. Mnawajua wavuvi wa dagaa, mwezi ukiwa mpevu taa zao hazivuti kitu, kwa hiyo wanapumzika. Yeye kila mbalamwezi alikuja kwangu. Kisha akaacha kuja. Nilidhani amepata mwanamke. Wavuvi wenzake walipomleta, walikuwa wamembeba.

Nilikaa kando ya kitanda chake hospitali, nikamuuliza, "Tangu lini unajua?"

"Muda, dada."

"Na dawa?"

"Kule kambini tunatazama kipindi chako kwenye kibanda cha video. Wote wanajua wewe ni dada yangu. Ningepangaje foleni? Wangesema dada mtu anafundisha nchi nzima, kumbe mdogo wake anao. Sikutaka kukuaibisha."

Nikamwambia na mimi ninao, na mimi sinywi dawa. Akacheka kidogo, akakohoa, akasema, "Basi dada, tumekuwa wajinga wawili."

Tulimzika Magu wiki ileile.

Matanga yalipokwisha nikaenda kliniki nikiwa na nguo za msiba. Mama mmoja muuza dagaa, ambaye tulishaonana pale mara nyingi, akaanza, "Dada wa runinga, leo kamera iko wapi? Mwenzio nimevaa gauni jipya."

Nikasema, "Sina kamera, mama. Nimefuata dawa."

Yule mama akavuta kapu lake, akaniachia nafasi. "Basi kaa," akasema. "Na usinipite, mimi nimewahi." Watu wakacheka, na mimi nikakaa.

Baadaye nilisema yote kwenye kipindi, kwa uso wangu na sauti yangu. Mama yangu siku hiyo alizima runinga, na nikitokea mimi bado anazima. Sijui kama atakuja kuacha. Anasema amezika mmoja, hataki kusikia habari za wa pili.

Siku hizi mbalamwezi ikifika nakwenda visiwani, wanaume wakiwa nchi kavu, na tunaonyesha kipindi kwenye vibanda vyao kabla ya mpira. Wananipigia kelele, "Dada, tuwekee mpira." Nawaambia mpira utakuja, kwanza mnitazame mimi, halafu nameza kidonge changu mbele yao. Mmoja akauliza, "Mbona umenenepa hivyo?" Nikamjibu, "Dawa, na wali wa Magu." Wengine hubaki kuniuliza maswali. Wengi hutazama mpira wao na kuondoka.

Namshukuru yule mshauri, aliyekuwa akinipigia simu hata nilipokuwa sipokei. Namshukuru yule mama wa dagaa. Nawashukuru ninyi. Nilizoea kusema kwamba hakuna aliyenishika mkono. Kwa habari ya chuo, ni kweli. Kwa habari ya uhai wangu, si kweli.

Funzo langu ni fupi. Heshima ni nzuri, mimi ninayo na ninaipenda. Lakini mdogo wangu alikufa akilinda ya kwangu, na mimi sikuihitaji kiasi hicho.

Kama yupo hapa mwenye majibu yake ambaye hajachukua dawa kwa sababu ya jina la mtu mwingine, awe dada, awe baba, awe mchungaji, tukimaliza nitakuwa pale mlangoni. Si lazima aseme kitu. Asimame tu karibu yangu, tutaondoka wote kwenda kliniki.