Mwalimu Omer Wilondja na Kuta za Njia ya Misafara

Baba Padri, wazee wa jumuiya yetu ya Wakongo, ndugu na majirani, mimi ni Clarisse, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake.

Baba yetu, Mwalimu Omer Wilondja, alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 huko Kabambare, Maniema, akasoma shule ya msingi hapohapo, sekondari Kasongo, akahitimu ualimu wa historia Bukavu mwaka 1979, kisha akarudi Kasongo kufundisha. Tarehe 6 Agosti 1983 alifunga ndoa na mama yetu, Josiane, na msimamizi wao alikuwa mwalimu mwenzake, Yves, ambaye sisi watoto, mimi, Majaliwa na Élodie, tulikua tukimwita baba mdogo.

Kuanzia 1985, kila likizo, Baba alifuata kwa miguu njia ya zamani ya misafara, kutoka Ziwa Tanganyika hadi Kasongo, akipima na kupiga picha nyumba walizolala wafanyabiashara wa pembe za ndovu pamoja na ngome zao, kabla watu hawajamaliza kubomoa matofali yake ili wajengee. Yves alikwenda naye mara mbili, Mama alikwenda kila mara, yeye ndiye aliyeshika ufito wa kupimia urefu wa kuta, kwa hiyo anaonekana katika karibu kila picha.

Vita vya 1996 vilipotufukuza, Mama alivuka ziwa na negativu, zile filamu za picha za Baba, akiwa amezifunga kwenye kitenge, akazitunza miaka yote ya kambini Nyarugusu, Tanzania, hadi tulipofika Euless, hapa Texas, Juni 2011, Baba akapata kazi ya kupakia mizigo katika ghala karibu na uwanja wa ndege.

Mwaka 2014 Yves, aliyekuwa akiishi Gulfton, Houston, alikuja kwetu, akala, akalala, akaomba negativu azitengeneze kwenye kompyuta ili watoe kitabu pamoja, akasema, "Mwalimu, nitazirudisha mbele ya Pasaka." Pasaka ikapita, na nyingine ikapita, na simu zetu hazikupokelewa.

Oktoba 2017 tulisikia kanisani kwamba kuna maonyesho Houston, tukaenda, tukazikuta picha zote ukutani, kubwa, nzuri, zikiwa na jina la Yves, na chini ya picha ya Mama akiwa kwenye lango la ngome pameandikwa: mwanamke wa kijijini, hajulikani. Baba hakugombania jina lake mwenyewe, alimwita Yves mbele ya wageni, akamwambia, "Wewe ulitusimamia kanisani. Huyu njo Josiane, bibi yangu. Hajulikane namna gani?" Yves akajibu kwa sauti ya chini, "Omer, usinitie haya hapa, watu hawa hawaangalie majina yetu." Mama akamshika Baba mkono, wakatoka.

Tangu siku hiyo Baba, aliyezoea kutusimulia habari za njia ile kila Jumapili, hakuitaja tena, na Majaliwa alipomwuliza alijibu, "Muulize mwenye nayo."

Februari 2023 figo zilianza kumsumbua, akahamia kwangu Mansfield, akawa anasafishwa damu, na Yves aliposikia akaomba kuja kumwona, Baba akamtumia neno moja tu, aje na ile picha ya Josiane, lakini hakuja. Baba alifariki tarehe 9 Septemba 2025, mchana, Mama akiwa amemshika kichwa.

Juzi Yves alipiga simu akitaka azungumze leo kama rafiki wa siku nyingi. Tulimwachia Mama aamue, naye akasema, "Aje, akae, akule na watu, lakini yeye asimuseme Omer." Yuko nyuma pale, na tunaomba asisumbuliwe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa ghalani, wanakwaya, na majirani wa Euless na Mansfield waliopika wiki nzima.

Baba, amani uliyonyimwa na rafiki yako, Mungu akupe. Pumzika.