Nilivyomgeuzia Kiti Mpiga Zumari

Mheshimiwa Diwani Hector Beaton, mwenyekiti wa kamati yetu ya sherehe. Mchungaji Elspeth Munro, uliyekubali viti vya kanisa vikaliwe na watu wenye bakuli za supu mapajani. Wazee wetu wa Kilmorran. Wageni mliovuka kwa feri ya asubuhi kutoka visiwani. Wazazi na wanafunzi wa darasa la zumari. Bi Ishbel Gillanders, katibu wetu. Na wewe, Torquil, uliyekaa hapo mbele na kilti, sketi yetu ya wanaume, iliyopigwa pasi kama vile unakwenda kuposa: nawasalimu nyote, na poleni na mvua.

Kipaza sauti hiki nakishusha chini ya kidevu. Kama wa nyuma hamnisikii, sogeeni mbele. Nataka Torquil auone mdomo wangu.

Nimepewa dakika kumi za kumuaga mtu ambaye kwa miaka arobaini na miwili amepuliza zumari la mfuko katika kila harusi, kila maziko, kila Krismasi, kila ibada ya mavuno na kila Michezo ya Agosti ya kijiji hiki. Miaka kumi na minane ya hiyo, mimi Seonaid Finlayson nimekaa kando yake na kinubi changu. Bila shaka mnategemea niwachekeshe. Mtanisamehe. Nimekuja na jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa naosha vyombo, mikono yangu huganda majini.

Nusu ya jambo hili mnaijua. Mnalijua trekta. Nusu ya pili tunaijua watu wanne tu, na wote wanne tumo humu ndani.

Mnafahamu jinsi tulivyokuwa tukipiga. Zumari na kinubi haviwezi kusema pamoja. Zumari litakimeza kinubi kama bahari inavyomeza kijiko cha chumvi. Kwa hiyo mimi natangulia, nikimaliza yeye anapokea, akimaliza narudi mimi. Mwaka baada ya mwaka mlikuwa mkituambia, “Nyie wawili mmezaliwa tumbo moja nini?” Na sisi tulicheka, tukavimba vichwa.

Sasa, Krismasi ile aliyotimiza miaka sitini na mitano, nilimtungia wimbo. Niliutunga miezi mitatu, jikoni, nikiuficha hata kwa mume wangu. Siku yenyewe nikasimama hapa hapa, nikawatazama nyinyi, nikatangaza: “Huu ni wa Torquil.” Nikaupiga mpaka mwisho. Mlipiga makofi, wengine mkajifuta macho. Torquil akainamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya siku zote, akanipita, akaenda kuchukua supu.

Hakusema neno. Siku hiyo, wiki hiyo, mwaka mzima!

Mngejisikiaje? Mimi niliungua. Nikamwambia mume wangu, “Yule mzee amejaa dharau mpaka kwenye soksi.” Mume wangu akasema, “Si umuulize?” Nikamjibu, “Nimuulize kwani mimi ni ombaomba?” Na kuanzia sherehe iliyofuata, nikageuza kiti changu. Nikampa mgongo. Niliwaambia wote kwamba mwanga wa dirishani unaniumiza macho, na mkaniamini.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Torquil akaanza kuniingilia. Sijamaliza sehemu yangu, zumari hilo linalia! Mara nyingine namaliza, nasubiri, kimya, watu wanatazamana, mimi shingo imekakamaa kwa hasira. Kwenye harusi ya binti wa mwalimu mkuu alinikata katikati mara tatu. Nikamfuata nje, yuko anafunga mfuko wake, nikamwambia kwa nyuma, “Torquil, siku moja utapiga peke yako kama jogoo juu ya jaa.” Hakugeuka. Akaendelea kufunga kamba zake taratibu. Nikasema moyoni, huyu si mtu, huyu ni jiwe.

Ilikwenda hivyo miaka miwili. Halafu nikaandika barua.

Naam, Ndugu zangu, hiyo ndiyo nusu msiyoijua. Niliiandikia kamati kwamba Bwana Gillanders ameshindwa kazi, kwamba ana kiburi, kwamba hasikilizi wenzake. Neno hilo nililitumia mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikalipigia mstari: hasikilizi. Nikaomba Michezo ya Agosti iwe ya mwisho kwake. Bahasha nikaitumbukiza kwenye sanduku la kamati siku ya Jumatano. Michezo ilikuwa Jumamosi.

Jumamosi ile mlikuwepo. Jua limetoka, ajabu yenyewe. Wale wa kurusha gogo wameshamaliza, watoto wanashindana kucheza, sisi tuko chini ya mteremko, mimi jukwaani, Torquil kwenye nyasi kando. Mimi nimemaliza sehemu yangu, Torquil kapokea, kafumba macho kama kawaida yake, mgongo kauelekeza mlimani. Pale juu lilikuwa limeegeshwa lile trekta na tela la mapipa ya bia.

Breki zikaachia.

Nilisikia kwanza mapipa yakigongana. Kisha mayowe. Mlipiga mayowe watu mia tatu, nadhani hata waliokuwa kwenye feri walisikia. Niliruka kutoka kwenye kiti, nikaanguka kwa magoti kwenye nyasi, nikageuka. Torquil amesimama palepale. Anapuliza. Vidole vinatembea, macho yamefumbwa, uso umetulia kabisa kama mtu aliye peke yake chumbani kwake. Nikaita, “Torquil!” Nikaita tena. Mara ya tatu nililia jina lake mpaka koo likapasuka, nami niko hatua nne tu kutoka kwake!

Trekta likampita kwa urefu wa mkono. Upepo wake ulipeperusha kilti yake. Likapanda jukwaa, likakisaga kinubi changu, likaenda kujikita kwenye hema la chai, ambalo kwa rehema za Mungu lilikuwa tupu.

Na zumari likaendelea. Mnakumbuka? Watu mia tatu kimya, na zumari linaendelea, mpaka mwisho wa sehemu yake, bila kukosea hata noti moja. Ndipo akafumbua macho anisubiri nipokee. Akatazama pale nilipokuwa nimekaa. Akaona mbao na nyuzi.

Akauliza, “Nani amevunja kinubi?”

Ishbel akaja anakimbia, kiatu kimoja mkononi, akamshika mume wake usoni kwa mikono miwili, akaona ni mzima, kisha akanigeukia mimi.

“Hasikii, Seonaid,” akaniambia. “Huu mwaka wa sita. Hasikii chochote, anasoma midomo tu.”

“Mbona anapiga?” nikauliza. Swali la kijinga, lakini ndilo lililonitoka.

“Yale mabomba ya sauti nzito yanamlalia begani. Yakipotoka, mfupa unamwambia. Nyimbo ziko kwenye vidole tangu utotoni. Na zamu yake ya kuingia…” Akaitazama mikono yangu. Kisha, Ishbel, ukasema, “Zamu yake alikuwa anaitazama kwenye mikono yako. Mpaka ulipogeuza kiti.”

Mpaka nilipogeuza kiti!

Nilikaa chini pale pale, juu ya vipande vya kinubi changu. Kila alichonikosea, mimi ndiye niliyekisababisha. Nilimnyima macho mtu aliyebakiwa na macho tu, halafu nikamshitaki kwamba hasikilizi.

Nikakumbuka barua. Nikainuka, nikamkimbilia Hector. “Hector, ile bahasha, nirudishie, usiifungue.” Hector, unakumbuka ulivyonitazama? Ulisema, “Seonaid, barua zote za kamati hufunguliwa na katibu.”

Na katibu wa kamati ni nani, Ndugu zangu? Ni Ishbel.

Alikuwa ameisoma tangu Alhamisi. Kila neno, pamoja na lile lililopigiwa mstari. Na Jumamosi asubuhi, mama huyu aliyekaa hapa, alikuwa ameniletea jukwaani kikombe cha chai na biskuti ya shayiri, akaniuliza kama nimelala vizuri. Nilimuuliza baadaye, “Kwa nini hukunipasulia kikombe kichwani?” Akasema, “Nilitaka. Lakini Torquil alinikataza nisimwambie mtu. Aliogopa mtamwonea huruma na kumpokonya zumari. Halafu nikasoma barua yako, nikaona angalau wewe humwonei huruma.”

Torquil alirudisha funguo za ukumbi Jumatatu. Akalifungia zumari kabatini. Wiki mbili nzima kijiji hiki kilikuwa kama nyumba iliyohamwa. Mimi nikaazima kinubi kutoka ng’ambo, nikaenda kwake bila kualikwa. Alipofungua mlango, nikasema polepole, uso kwa uso, “Niliandika barua mbaya. Nisamehe.”

Akasema, “Nimeisoma. Tahajia yako ni mbovu.”

Nilikalisha kinubi sakafuni, nikauchukua mkono wake nikauweka juu ya ubao wa kinubi, akainama mwenyewe akauegemezea na shavu. Nikampigia wimbo ule wa Krismasi. Alikaa hivyo mpaka uzi wa mwisho uliponyamaza. Machozi yalikuwa yanashuka kwenye ubao. Akanyoosha mgongo, akasema, “Mzuri. Ila mrefu mno, wazee wangekufa njaa wakisubiri supu.”

Kwenye ibada ya mavuno tulikaa tukitazamana, na tumetazamana miaka miwili tangu siku ile. Sasa anaacha kwa hiari yake. Nilimbembeleza, akakataa. Anasema anataka kuondoka kabla bega halijaanza kumdanganya.

Nanyi vijana wa darasa la zumari, na nyinyi wazazi wao: daktari alisema ni zumari lenyewe, miaka arobaini ndani ya kumbi ndogo kama hizi bila kuziba masikio. Kuanzia Jumanne hakuna atakayepuliza humu bila vizibo. Nimevinunua, viko mezani kando ya mlango. Atakayeona aibu kuvivaa aje aniambie mimi.

Ishbel, mbele ya watu hawa wote, nisamehe tena. Najua ulishanisamehe. Nilitaka wasikie.

Mheshimiwa Diwani, katika ratiba umeandika “makofi ya kumuaga Bwana Gillanders”. Makofi hatayasikia. Lakini sakafu hii ni ya mbao, ikikanyagwa inatikisika, na viatu vyake amevivua, angalieni, soksi zimegusa chini. Simameni, tafadhali. Nawashukuru kwa kunipa masikio yenu muda wote huu. Torquil mpeni miguu.