Mama Herufi na Neno Lililoandikwa Zima

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu, jamaa na majirani, marehemu dada yetu hakupenda maneno ya mkato, hivyo familia inaomba mtuvumilie tukimsoma kwa ukamilifu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa pili kati ya watano wa baba mwashi na mama mshonaji, akasoma shule ya misheni kuanzia 1949 hadi 1956, kisha kozi ya ukarani, na Januari 1959 akaajiriwa posta, katika chumba cha barua zilizokosewa anwani, ambako kwa miaka thelathini na saba alizitafutia wenyewe, na wenzake wakambandika jina la Mama Herufi, kwa kuwa hakuchoka kuwaambia kwamba herufi moja ikipotea, mtu mzima amepotea.

Tarehe 8 Agosti 1964 alifunga ndoa na fundi seremala, aliyetutangulia mwaka 1999, wakajaliwa mabinti watatu na wajukuu saba.

Alipostaafu mwaka 1996 alikabidhiwa daftari la washiriki wa kanisa hili, majina 612, akaliendeleza kwa maneno kamili, isipokuwa neno moja tu, marehemu, ambalo tangu kifo cha mumewe lilimwia zito mkononi, akawa anaweka M na kupita.

Septemba 2003 wazee waliamua majina yahamishiwe kwenye kompyuta ya mkononi, kile kidude kinachoenea kiganjani na kuandikiwa kwa kijiti, ili mchungaji asibebe tena daftari zito kama tofali, na kazi ikafanyika sebuleni kwa marehemu, yeye akisoma, mkwe wake, fundi redio, akiandika, na kila aliposikia M aliweka marehemu, wala hakuna aliyekumbuka kwamba karani aliyemtangulia katika daftari hilo, katika kurasa zake mbili za mwisho, alichoka naye akaandika M, ila yeye alimaanisha mshiriki.

Jumapili tarehe 2 Novemba mchungaji aliwasoma waliofariki kutoka kiganjani, na fundi cherehani, aliyekaa benchi la tatu, aliposikia jina lake alisimama, akauliza kama anaruhusiwa kumaliza ibada kwanza au aondoke na wenzake sasa hivi, kanisa zima likacheka, isipokuwa marehemu, aliyerudisha ufunguo wa kabati la daftari siku hiyo hiyo, akasema hataupokea tena mpaka awaone kwa macho yake wote thelathini na wanane wa kurasa zile mbili, aliowazika wakiwa hai.

Kwa wiki kumi na moja alitembea nyumba kwa nyumba na mkwewe, akimtaka kila mtu ataje jina lake kwa kinywa chake, na thelathini na saba waliitika, wengine wakimtania kwamba leo amekuja kuwazika au kuwafufua, lakini wa thelathini na nane, mlinzi wa ghala, hakuitika, jirani yake akaeleza kwamba alifariki Februari 2003, na hakuna mtu wa kanisa aliyefika kumzika, basi dada yetu akamwambia mkwewe, andika neno zima, mtu hafi kwa herufi moja.

Ufunguo aliupokea, na hakuandika tena M.

Alianza kusumbuliwa na moyo Januari 2008, akalazwa hospitalini tarehe 30 Septemba, ambako aliomba kuliona jina lake katika kile kidude, akakuta jina la baba yetu, lililofuata lake, limepungua herufi, akairudisha mwenyewe kwa kijiti, na Alhamisi tarehe 9 Oktoba, saa nne asubuhi, akafariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupikia na kulala nasi, wastaafu wenzake wa posta, na wazee wa kanisa waliomwamini tena.

Leo asubuhi mkwe wake amefungua ukurasa wa dada yetu katika kidude hicho, ameandika Marehemu, herufi zote nane, na neno mshiriki hakulifuta.

Dada, jina lako limefika salama, pumzika kwa amani.