Faiza Akae Wapi?

Shuleni tunafundishwa kutosikiliza mazungumzo ya wakubwa, kwa hiyo ndani ya gari la Jang'ombe nilifumba macho kwa adabu na kufungua masikio.

Mbele yangu mabibi wawili walikuwa wakienda msibani kwa marehemu Bi Mwatima. "Yule mwanawe Ayoub karudi kutoka Dar," alisema wa dirishani. "Sasa anajiita Faiza, kavaa buibui. Na akae nje na wanaume."

"Nje na buibui, Bi Nassra? Wamcheke mbele ya jeneza la mamake?"

"Ndani kuna wanawake, Bi Msabah!"

"Harusi ya bintiyo, nani alitupaka hina kama si huyo huyo Ayoub? Tulikaa naye ndani tumejifunga kanga kifuani. Hukumwambia atoke."

"Ile ilikuwa harusi."

"Basi kucheka nasi ruhusa, kulia nasi haramu?"

Bi Nassra akautengeneza mtandio wake. Nami, kwa adabu, nikafumbua jicho moja.

Gari likasimama. Mwanamke mrefu wa buibui alikuwa peke yake barabarani, kati ya turubai la wanaume na mlango wa uani, waliko wanawake. Bi Msabah akashuka, akamshika mkono. Bi Nassra alibaki mlangoni mwa gari, na konda akamuuliza kama anashuka.