Maua Mara Tatu

Ndani ya basi, binti mpishi wa bia alijikunyata akiwasikiliza wazee wawili, fundi cherehani na mwalimu, waliokaa mbele yake. Bia yake ya kwanza ilikuwa imeingia baa jana, na bosi alishamwonya: wanywaji wakiikataa, atarudi kuosha chupa.

"Chungu kama shubiri!" alilalamika fundi cherehani. "Bia ni ile nyeusi, nzito, tamu."

"Huo ni uji, ndugu yangu," mwalimu alimcheka. "Hiyo mpya ya jana ina nguvu, na inanukia maua ya hopsi, yale yanayoipa bia uchungu. Wameyatia mara mbili, naapa."

"Mbaya tu."

"Na glasi ya tatu uliinywea nini?"

"Nilikuwa nahakikisha ubaya wake. Na leo narudi, nikuoneshe."

Basi likasimama, wakashuka wakibishana.

"Ni mara tatu, wazee wangu," mpishi akasema hatimaye, kidevu juu, mlango ukiwa umeshafungwa.