Honi ya Jioni

Mama mmoja basini alikuwa amepakata beseni lenye betri ya gari, kama anayepeleka mtoto kliniki. Fundi cherehani wa kiti cha nyuma akatega sikio.

"Gari likilala, unachomoa waya wa betri," alifoka dereva mstaafu aliyekaa kando ya mama. "Hii imekufaje?"

"Kwa honi, mzee. Mume wangu yuko kitandani tangu mvua zilizopita. Kila jioni nampigia honi, ajue gari lake bado linamngoja."

"Honi inamaliza chaji! Ungechomoa."

"Ningechomoa, angesikia nini?"

Fundi aliona wote wawili wana hoja, jambo linalomharibia mdaku starehe.

"Jana kajikongoja mpaka mlangoni," mama aliendelea. "Kasema betri ikishachajiwa, honi atapiga mwenyewe."

Basi likasimama. Dereva mstaafu akashika beseni upande mmoja, wakashuka nalo. "Akishapiga, chomoa!" alisisitiza.

"Thubutu!" mama akacheka.