Tembo wa Upepo

Benchi letu liko nje ya saluni ya Thierry, Turffontein, mkabala na robot, taa ya kuongozea magari, ambayo haijawaka tangu Pasaka. Thierry tunamwita Dokta, kwa sababu aliwahi kufagia kliniki. Ruphin, Mkongomani, ni Jenerali, kwa yunifomu yake ya ulinzi. Kang'ethe yuko benki na anavaa tai, basi ni Meneja. Kahawa tunayouziwa hapo ni ya Mwanaharusi, na dharau pia ni yake. Jana ilikuwa zamu ya kubishania gwaride la Krismasi. Kila mwaka, Jumamosi ya gwaride, Jenerali yuko lindoni na mkewe Hélène anasuka vichwa vya watu. Kwa hiyo Ijumaa humpeleka binti yao Chloé kutazama maputo makubwa ya gwaride, hasa lile la tembo, yakijazwa upepo, na jambo hilo wameliita mila ya familia. Meneja, bila kutumwa na mtu, akajitolea kumpeleka Chloé kwenye gwaride lenyewe.

Meneja: Nafasi iko kwa gari, na watoto wangu wanaenda. Sisi hutoka mapema.

Jenerali: Hapana, mon frère. Siye tunaendaka Ijumaa. Gwaride ni ya watu hawajue vitu.

Mwanaharusi: Na chai mkiitazama ikichemka, mnashiba?

Dokta: Muache. Haba na haba hujaza kibaba. Wahenga hawakusema kibaba kitembezwe barabarani.

Meneja: Lakini mtoto ana miaka saba, hajawahi ona hata puto moja likipita.

Jenerali: Likipita unaona tumbo tu. Ijumaa unaona tembo mzima, sikio kwa sikio.

Dokta: Tena Jumamosi ule upepo umeshalala ndani usiku mzima. Umechacha. Ndiyo maana watu wakitoka gwaride wanagombana kwenye taksi.

Mwanaharusi: Eish. Hiyo ulisomea kwenye ufagio?

Jenerali: Kutembea, hata mbwa anatembeaka. Tembo kuzaliwa, nani ameona? Mtoto wangu ameona mara nne.

Hapo Chloé alikuwa ameshafika kumwita baba yake akale. Kiswahili chetu anakielewa, ila hujibu kwa Kiingereza cha shuleni, na kwa Kiingereza hicho aliuliza:

— Papa, tembo akishajaa, huwa anaenda wapi?

Dokta akaokota ufagio wa saluni. Mwanaharusi akafuta meza iliyokuwa safi. Nilimwonea Jenerali huruma, na mimi si mtu wa huruma.

— Meneja, alisema Jenerali. Hiyo mapema ni saa ngapi?